Kifafa Hakitajwi Mbele ya Wakwe

Kwa watu waliovuka kutoka Burundi wakaja kulima milima ya Fizi, binti haposwi kabla ukoo wake haujachunguzwa. Huulizwa kama kuna mchawi, kama kuna mkoma, kama kuna mwenye kifafa. Mwizi hasumbui sana, huenda akaacha. Mlevi hata haulizwi, maana wakianza kumkataa mlevi wasichana wote wa kijiji cha Lubondja watazeekea kwa mama zao. Lakini kifafa kikitajwa tu, mshenga huaga hata maji hajanywa.

Igiraneza aliyajua hayo tangu utotoni. Ndiyo maana asubuhi ile ya pili hospitalini mjini Baraka, mkono wa kulia wa mama yake, ule ule uliokuwa umekufa ganzi, ulipoanza kuruka juu ya shuka, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kumwita muuguzi. Alichungulia mlangoni kama kuna mtu anayeona.

Mama yake, Capitoline, alikuwa ameanguka nyumbani akijifunga kitenge cha kwenda misani. Alishika kichwa, akasema kinapasuka, akatapika, akadondoka. Waliteremka naye Baraka kwa pikipiki, yeye katikati, mumewe Ndikuriyo akimkumbatia kwa nyuma asichomoke. Ni kiharusi, walisema hospitalini. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yamemtoka. Mwanamke aliyekuwa akigombana na wanunuzi wa mawese mpaka wenyewe wanacheka, sasa alifungua mdomo na kutoa "ta, ta, ta" tu, huku macho yakimtoka kwa hasira.

Na sasa hili. Mkono uliruka, bega likafuata, uso ukavutwa upande, halafu mwili wote ukakipiga kitanda mpaka vyuma vikalia. Povu likatoka. Igiraneza alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe, akamlalia juu, akasali Salamu Maria akiyaruka maneno. Kilipokwisha, godoro lilikuwa limelowa. Alibadilisha shuka, akamfuta mama mdomo, akaketi. Muuguzi alipopita akauliza mbona mgonjwa anakoroma hivyo, akajibiwa kwamba amelala.

Igiraneza alikuwa anachumbiwa. Basi. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo.

Mchumba mwenyewe aliitwa Niyokwizera, mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi mjini, kijana mpole wa kucheka chini chini. Mama yake alikufa akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake Pulchérie, na Pulchérie akisema jambo katika ukoo ule limesemwa. Alikuwa bado hajaja kuchunguza. Igiraneza alimpenda yule mwalimu hata akashindwa kula siku asiyomwona, na aliona aibu kwamba kando ya kitanda cha mama yake, kichwani mwake kulikuwa na mwanamume.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alimwita pembeni. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bukavu, wote wakimwita Docta Merveille, na alikuwa na mazoea ya kumshika mtu bega anapoongea naye.

"Igira, sikiliza muzuri. Hii AVC, hii kiharusi, inaweza kuacha kifafa nyuma yake. Haiachie kila muntu, hapana. Lakini mama yako iko kati ya bale benye hatari. Mi naona ilikuwa damu ilimwagika ndani ya kichwa, haikuwa mushipa kuziba tu. Mashini ya kupiga picha ya kichwa hatuna hapa, lakini namna kichwa ilimuuma, na kutapika, na tension ile, damu kupanda, vyote vinasema vile. Na ilikuwa kubwa. Tena ilifika juu, kwenye ngozi ya bongo, kule maneno inakaa. Njo maana maneno ilipotea. Na mama bado hajazeeka. Kwa bazee hiyo hatari inapungua kidogo. Kidonda ya ndani ikipona inaacha kovu, na ile kovu siku moja inaweza kurusha mwili wote. Unanisikia?"

"Nakusikia, docta."

"Sasa niambie, juu hii mi siwezi kuona mwenyewe. Zile siku za kwanza, alitetemeka? Mukono kuruka, macho kugeuka?"

Igiraneza alitazama vidole vya daktari begani kwake.

"Hapana, docta."

"Ata kidogo? Juu kama alitetemeka mapema vile, hatari inapanda sana."

"Alikuwa na lala tu."

Docta Merveille alimwachia bega. "Bon. Dawa za tension asiache ata siku moja. Na akitetemeka nyumbani, mumulete mbio. Kama kifafa inakuja, iko dawa yake na inasaidia. Ila asikae kwenye moto, asiende mutoni kuoga peke yake."

Asikae kwenye moto. Ungemwambia samaki asikae majini. Capitoline alikuwa mpika mawese. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na pipa la chuma juu ya mawe, na katika pipa lile ngazi za nusu ya Lubondja, yale matunda ya michikichi, zilichemka. Ndilo lililowasomesha watoto, ndilo lililomfanya mkimbizi aliyeingia bila hata sufuria aitwe "mama mukubwa" na wenyeji.

Maneno yalimrudia Capitoline moja moja, kwanza ya matusi, na watu wakafurahi wakajua kweli anapona. Mguu ukaanza kuburura, mkono ukabaki unaning'inia. Siku aliyoweza kuunga sentensi nzima, Igiraneza alimwambia kila kitu, wakiwa wawili tu wanachambua maharage. Alimwambia kuhusu kutetemeka, kuhusu kovu, kuhusu alivyomjibu daktari. Alitegemea kofi. Moyoni alilitaka lile kofi.

Capitoline aliendelea kuchambua kwa mkono wa kushoto.

"Nani aliona?"

"Mi tu."

"Baba yako?"

"Hajui."

"Basi hakuna aliyeona." Akalitupa harage bovu. "Mi nilivuka na wewe mugongoni, Igira. Sikuvuka juu uzeeke hapa na mimi. Ukishaolewa tutasema."

Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua, na kila mtu huifikiria kuwa ni ya jirani. Mama na binti walikuwa wakiisema kila siku juu ya watu wengine. Sasa walichambua tu, maharage yakilia kwenye ungo.

Pulchérie alikuja siku ya kupika. Alidai anatafuta mawese, kana kwamba Fizi hakuna mawese, kana kwamba mtu hupanda na kushuka milima ile kwa ajili ya dumu moja. Kila mtu alijua amekuja kutazama. Akapewa kigoda, akakataa, akasimama karibu na pipa na kutazama.

Na Capitoline akajua anatazamwa. Hapo ndipo alipofanya ujinga wake. Alimnyang'anya binti yake mti wa kukorogea, akaushika kwa mkono wa kushoto, akaubana kwapani, akakoroga ngazi zinazochemka kama mtu asiyewahi kuugua hata mafua. Alitania, alicheka kwa mdomo wake uliopinda. Igiraneza alijipenyeza kati ya mama na pipa, akasukumwa na kiwiko.

Ndipo vidole vya mkono ule wa kulia vilipoanza kucheza. Kwanza vidole tu, vikikunja na kukunjua. Kisha kifundo. Capitoline alikuwa ameacha kucheka katikati ya neno, na macho yalikuwa yamekwama kwenye mvuke.

"Mama! Kitenge yako inawaka!"

Hakuna kilichokuwa kinawaka. Igiraneza alimrukia, akamvuta nyuma kwa nguvu hata wote wawili wakakaa chini, akaanza kukipigapiga kitenge kwa viganja vyote viwili huku amemlalia mama ule mkono unaoruka. Pulchérie naye, Mungu ambariki, aliinama akasaidia kuuzima moto usiokuwepo. Mkono ulitulia. Capitoline akapepesa macho, akauliza nani amemwangusha.

"Pole sana," alisema Pulchérie akijikung'uta vumbi. "Moto haina rafiki. Lakini mama yako iko na nguvu, mutoto. Na mukono moja vile? Nitasema kule nyumbani."

Aliondoka na dumu lake, ameridhika. Igiraneza alikwenda nyuma ya choo akatapika. Alikuwa ameona ulipokuwa uso wa mama yake, na yalipokuwa mafuta yanayochemka.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa ni zamu yao ya kuonana na daktari. Njia nzima ya kushuka Baraka alimbembeleza mama yake. Amwambie docta, dawa ipo, docta hawezi kwenda kuwatangazia wakwe. Capitoline alimsikiliza vizuri kabisa. Walipoketi mbele ya Docta Merveille na swali lile likaulizwa tena, alijibu mwenyewe, wazi, bila kukwama hata herufi moja.

"Hapana. Sijatetemeka."

Daktari akamgeukia binti. "Igira?"

Uongo wa kwanza aliusema kwa woga, hajui lolote. Huu wa pili aliusema huku akijua mti wa kukorogea ulivyo mfupi na pipa lilivyo la moto. Alisema hapana, wakapewa dawa za tension, wakapanda mlima. Alijichukia kutoka Baraka hadi Lubondja, na alipofika nyumbani akakuta salamu za Niyokwizera kwamba ukoo wake unakuja, akafurahi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba bado aliweza kufurahi.

Wakaja. Wazee wa kiume wakiwa na makoti yao juani, Pulchérie na kilemba kipya, Niyokwizera na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Uani palifagiwa, na katikati pakawekwa chungu kikubwa cha kasiksi, pombe ya ndizi, kimesimikwa mirija mirefu, kila mgeni na wake. Wanapokaribisha hivyo, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni ili wajue hakuna sumu. Ndikuriyo, aliyejaa furaha kwa kumpata mke aliyedhani amempoteza, alisema safari hii aonje mama wa binti. Watu wakapiga makofi. Capitoline akaburura mguu wake mpaka kwenye chungu, akavuta mrija, akameza, akasema ni tamu. Wageni wakainama wakanywa baada yake.

Maneno ya posa yalisemwa yanavyosemwa. Wageni wakadai wamepotelewa na ndama, wenyeji wakajibu hawajaona ndama, kila mtu akacheka mahali pa kuchekea. Igiraneza, aliyekuwa mlangoni ameinamisha kichwa kama inavyompasa binti, alikuwa akimtafuta mama yake kwa pembe ya jicho. Akamwona anaelekea kwenye mafiga pembeni mwa ua, anataka kuipua chungu cha maharage. Wanawake wa kumsaidia walikuwa tele. Lakini leo Capitoline alitaka aonekane.

Safari hii hakikuanza na vidole. Alitoa sauti moja, kama mtu aliyepigwa ngumi kifuani, akageuka nusu, akaanguka ubavu juu ya mafiga. Chungu kilipasuka. Mkono ule usiohisi kitu ukaingia kwenye makaa na kubaki humo, na mwili ukaanza kuruka.

"Musimuguse!" Pulchérie alikuwa amesimama, kilemba kimemwanguka. "Povu! Musiguse povu!"

Na ua mzima ulitii. Wanaume wenye makoti walirudi nyuma. Wanawake waliompikia Capitoline wakati wa ugonjwa, waliomwogesha, walishika vichwa wakapiga kelele bila kuinua mguu. Igiraneza alipita katikati yao. Alimshika mama yake kiunoni akamvuta kutoka motoni, makaa yakimshika naye kwenye nyayo, akamgeuza alale ubavu, akaacha povu litiririke juu ya mapaja yake na nguo yake ya kuchumbiwa. Kulikuwa na harufu ya nyama. Mwishowe mwili uliacha kuruka na pumzi ikaanza kukoroma.

Ndikuriyo ndiye aliyepata sauti kwanza. Aliwageukia wageni, mikono ameinyoosha mbele.

"Ni malaria. Bakubwa, musiogope, ni malaria tu. Juzi alikuwa na homa. Igira, bambie. Alikuwa na homa, sivyo?"

Maskini mzee, hakujua anadanganya kiasi gani. Alikuwa akimfungulia binti yake mlango. Igiraneza aliuona ule mlango uko wazi. Malaria hupandisha degedege, nani asiyejua? Pulchérie mwenyewe alikuwa akimtazama kama mtu anayeomba aambiwe hivyo. Na Niyokwizera, aliyesimama kando ya chungu na mrija wake bado mkononi, alikuwa anaitikia kidogo kwa kichwa, akimhimiza. Sema ndiyo. Sema ndiyo, na ndama atapatikana, na mama atapakwa dawa ya kuungua, na Jumatatu atarudi kwenye pipa lake bila kidonge hata kimoja.

"Hapana, baba," alisema Igiraneza. "Hakuwa na homa."

"Igira."

"Ni kifafa. AVC njo ilimuachia. Ilianza kule hospitali, siku ya pili, na mi niliona. Docta aliniuliza mara mbili, mi nikakataa. Na ile siku ya mawese, shangazi, kitenge haikuwaka. Nilikudanganya."

Pulchérie alipangusa mdomo kwa kiganja. Alipangusa tena. "Na yeye njo ametuonjea pombe," alisema taratibu. "Yesu. Tumekunywa mate yake."

"Haiambukizi. Ni kovu ya kichwa, shangazi. Docta alisema."

"Na moto imeshamuonja! Unaona ule mukono? Kifafa ikishaonja moto haipone tena, ata mumupe dawa ya Ulaya. Acha docta aseme."

Wazee waliinama kuchukua kofia zao. Mirija ilichomolewa kwenye chungu, mmoja baada ya mwingine, ikatupwa kwenye majivu, na mzee mmoja aliupangusa wake kwanza kwenye suruali, kwa mazoea, kisha naye akautupa. Niyokwizera alikuwa wa mwisho. Mwalimu yule, anayewafundisha watoto wa watu kunawa mikono, aliutazama mrija wake, akamtazama Igiraneza chini mavumbini, akafungua mdomo. Shangazi akamwita. Aliulaza mrija chini polepole, kana kwamba kuuweka kwa adabu kungesaidia kitu, akaondoka. Igiraneza alilitazama lile shati mpaka likakunja kona kwenye migomba, na kilichomuuma kifuani kilimuuma kweli kweli, asikudanganye mtu kwamba mwenye kusema ukweli huwa mwepesi. Alitamani kuyarudisha maneno yote mdomoni.

Majirani nao wakatoweka. Alijivuta hadi kwenye beseni la maji, akauingiza mkono wa mama humo, akaushikilia.

Ndikuriyo alikuwa amebaki wima katikati ya ua. Alimtazama binti yake, na hakuwa akimtazama kwa shukrani. Kisha akaenda kwenye chungu. Mrija mmoja tu ulikuwa bado umesimama humo, ule alioonjea mkewe. Aliketi kwenye kigoda cha wageni, akainama, akauweka mdomoni, akanywa. Alivuta pumzi, akanywa tena, kama mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Capitoline alifumbua macho. Kwanza hakumjua mtu. Halafu akamjua binti, akaangaza huku na huku akitafuta makoti, na ulimi wake, uliorudi kuwa mzito kama zamani, ukahangaika kutafuta neno.

"Ba... bamekunywa?"

Igiraneza alimwinamia.

"Bameenda, mama. Nimebaambia yote. Kesho tunashuka Baraka kwa docta." Akatazama kule kwenye chungu. "Baba njo iko na kunywa."

Mama yake aligeuza shingo taratibu mpaka akamwona mumewe. Machozi yakaanza kumtoka, yakishuka kuelekea sikioni. Igiraneza hakuyafuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni, imeshikilia ule mkono ulioungua usitoke majini.